Tume Huru na Swichi Zake

Wananchi wote wanatangaziwa kuwa Tume ya Ukweli na Maridhiano sasa ni huru kabisa, na kwamba uhuru wake umehifadhiwa wizarani, ghorofa ya pili, usije ukapotea.

Aliyekabidhiwa kuutunza ni Mkurugenzi wa Uhuru wa Tume, mtu mwenye roho safi na suti ya kuazima. Kazi yake aliipenda kufa. Siku ya kikao cha kwanza, kilichorushwa moja kwa moja redioni, alikaa nyuma ya safu ya swichi, moja kwa kila kipaza sauti ukumbini. Shahidi akitoka nje ya mada, yaani akitaja mtu, Mkurugenzi anabonyeza, na uhuru unaendelea kimyakimya. Kipaza sauti cha Waziri peke yake hakikuwa na swichi. Hiyo ilikuwa heshima, na Mkurugenzi alipandishwa cheo kwa kuipendekeza.

Akasimama mama mmoja mshonaji, ambaye mumewe alichukuliwa na askari enzi za machafuko asionekane tena.

"Sikuja kugombana na mtu," alisema. "Nataka kujua tu mlimweka wapi. Wanangu wananiuliza baba yuko wapi, nami sina pa kuwapeleka."

Mkurugenzi alimtazama mama, kisha akaitazama swichi. Akabonyeza.

Mama hakukaa. Alipaza sauti yake mwenyewe, na ukumbi mzima ukamsikia. "Watu wanasema mlimtupa mtoni kama takataka."

Waziri, aliyekuwa akisinzia kwa ajili ya amani ya taifa, alizinduka. Mambo yote aliyaweza, kusingiziwa hakukuweza.

"Mama, tafadhali, usituvunjie heshima. Serikali hii haitupi watu mtoni. Mumeo tulimzika vizuri tu, nyuma ya ghala la mbegu. Nilisimamia mwenyewe."

Mkurugenzi alibonyeza swichi zote, pamoja na ya feni. Sauti ya Waziri iliendelea kutoka, safi kabisa, ikieleza jinsi udongo wa pale ulivyowapa taabu wachimbaji.

Mama alilia kidogo, akajifuta, akachukua mkoba wake. "Nani ana gari?"

Ukumbi mzima ulinyanyuka, watu wa redio wakiwa mbele.

"Wanakwenda wapi hawa?" Waziri aliuliza.

"Kwenye ghala, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi.

"Nani kawaambia?"

Mkurugenzi alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari la Waziri mezani, na mama alikuwa akimsubiri mlangoni.