Suti ya Zuhura

Leo nimeumbuka. Uvumilivu uliniishia studio, hapa Ng'ambo, nilipoinyanyua picha mbele ya foleni nikasema, "Huyu si mwanangu. Huyu ni mgombea udiwani."

Nianze mwanzo. Mama yangu yuko Ipole, anaumwa, hawezi safari. Alimshonea binti yangu Zuhura gauni kwa mkono, kutoka kwenye kanga aliyonibebea mimi mgongoni. Anachotaka ni kuliona likiwa limevaliwa, basi. Jana nikampeleka mtoto kupigwa picha. Leo tukaifuata mbiombio, maana shangazi yangu anayeipeleka Ipole anaondoka na basi la mchana.

Nafungua bahasha. Zuhura, miaka minne, kavaa suti nyeusi na tai. Kompyuta imemvisha.

Nikamuuliza mpiga picha, mzee mstaarabu kabisa. Akasema gauni lilikuwa na doa, akadhani nimepungukiwa. "Nikaona nikusitiri, mwanangu."

Kunisitiri! Nikawaka. Nikasema doa lile ni la furu, yale matunda meusi ya porini. Zuhura huziokota na kuzijaza mfukoni, na bibi yake aliushona mfuko mkubwa vile kwa sababu alijua atazijaza. Pindo limekunjwa mara mbili ili gauni likue naye. Mshono wa begani umepinda, mikono ya mama siku hizi inatetemeka, lakini haujaachia hata uzi. Suti hii nani kaishona? Gauni lile lina mtu ndani yake hata likiwa kambani. Dada mmoja akafuta macho. (Nikajiona mbunge.)

Mzee akavua miwani. "Umesema vizuri, mama. Tutampiga nyingine kesho. Ila na wewe, dera umeligeuza. Mishono yote iko nje."

Nikapapasa kisogoni. Lebo hii hapa. Na nilikuwa nimepita nayo sokoni, nikamwamkia na baba mkwe. (Aliitikia marahaba huku anatazama mawinguni.)

"Nilikwambia, mama," akasema Zuhura. "Ukasema nakuchelewesha."

Foleni iliyokuwa inalia ikacheka. Lakini kesho ya nini, wakati basi ni leo? Nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata, na dera langu vilevile. Mtendaji akaniambia niandike. Nikaandika:

"Nalalamika kwamba mwanangu amevishwa suti bila ridhaa yangu. Naomba apigwe picha upya leo, kabla basi la Ipole halijaondoka, akiwa na gauni lake na doa lake. Mlalamikaji asionekane pichani."