Meza ya Mshikamano ni Mali ya Kuusilahti

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa anakuja Bi. Delvaux, mkaguzi kutoka Brussels, kuangalia tulichojifunza kutokana na ule mkakati wa zamani wa uchumi wa Ulaya. Kila mji ubuni biashara mpya, walituambia. Hapa kwetu Kuusilahti tukajenga Kituo cha Ubunifu. Hirvikoski, kilomita sita tu, nao wakajenga chao. Vyote vitupu! Akigundua, halmashauri zitaunganishwa na atabaki Afisa Mshikamano mmoja. Mimi, au Raili, mwenye cheo hicho hicho Hirvikoski. Raili! Siungani naye hata kwa dawa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu. Nimewafuata wazee wanaovua samaki ziwani kupitia matundu waliyotoboa kwenye barafu. Nimewaomba Ijumaa waje Kituoni wajifanye wajasiriamali. Mzee Veikko aliuliza kama kahawa itakuwepo. Ipo, na mikate mitamu ya iliki. Akasema basi hata wakitakiwa kurusha roketi, watarusha.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Maafa! Veikko amegoma kusema anatengeneza programu za kompyuta. Eti uongo wa mwisho aliusema jeshini, na bado unamsumbua. Kisha Raili akapiga simu kunicheka: mwenzangu, wewe una wavuvi, mimi nina roboti. Nimechunguza. Ni mashine ya kufagia sakafu!

Ijumaa, 7 Machi
Bi. Delvaux aliwauliza wazee wanabuni nini. Veikko akajibu: "Mama, sisi tumeahidiwa kahawa tu." Nilitamani barafu inimeze.

Akawauliza wanatoka wapi. Nusu yao Hirvikoski, Veikko akiwemo! Ningejuaje? Wakivaa zile kofia za baridi wote ni sura moja. Mkaguzi akavuta kiti, akala mkate, akaongeza mwingine. Akasema mkakati ule ulijenga kuta ukasahau watu. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuona miji miwili kwenye meza moja. Kazi yangu ibaki, mradi meza iendelee hivyo. Atarudi Juni kuhakikisha.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Somo nimelielewa barabara: meza ndiyo kila kitu. Lazima ilindwe, Raili asije akaidai. Nimeweka kufuli jipya na tangazo mlangoni: Meza ya Mshikamano, kwa wakazi wa Kuusilahti tu.

Veikko alilisoma, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwelekeza kwa Raili, kwao Hirvikoski. Ameenda, na wenzake wote wamemfuata, hata wa kwetu. Sasa meza ni salama kabisa. Nimeikalia peke yangu tangu asubuhi.