Sipiyu Si Boksi

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu! Nimekingoja miaka tisa. Kikwazo ni binti wa meza ya pili, tuliyembandika jina la Nyaya kwa kuwa hatembei bila waya mkononi. Wote wanampenda. Lakini boksi zima la kompyuta analiita sipiyu! Sipiyu ni kichipu kilicho ndani, hakizidi biskuti. Mtu wa hivyo apewe kitengo? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimebandika mlangoni orodha ya maneno arobaini yanayokosewa. Katibu muhtasi akauliza kama "intaneti imekufa" imo. Nikamweleza kuwa intaneti haifi, kilichokatika ni muunganisho wa jengo letu. Akauliza basi maziko saa ngapi. Wakacheka wote. Mchana nikaikuta orodha imefunika chai ya Nyaya.

Jumatano, 5 Machi
Bahati imejileta! Kompyuta ya mkurugenzi imegoma, na kikao chake kimekaribia. Nyaya, akiwa juu ya ngazi anavuta waya, akaniomba, kaka, nimletee sipiyu ya bosi. Sipiyu? Haya. Nikafungua boksi, nikang'oa kichipu, nikamkabidhi kiganjani mbele ya mkurugenzi. Vipini vyake, vile visindano vya chini, vyote vimelala. Mkurugenzi akauliza nimefanya nini. Nikajibu: nilichoagizwa.

Nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akasema mdomo uliponza kichwa. Nikamsahihisha: nilitumia bisibisi.

Alhamisi, 6 Machi
Nyaya kavinyoosha vile vipini kimoja kimoja kwa wembe. Kompyuta imewaka. Ofisi nzima inampongeza kwa kutengeneza sipiyu. Kwa mara ya kwanza wamelitumia neno sawasawa! Na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Ijumaa, 7 Machi
Kiti kapewa Nyaya. Roho imeniuma, sifichi. Mimi nimepewa barua: nahamia stoo ya vifaa vibovu "kwa muda". Kwa muda! Muda gani? Dakika? Mwaka? Ndiyo lugha ya ofisi hiyo? Nimeandika kurasa tatu kudai neno kamili.

Jumatatu, 10 Machi
Jibu limekuja, sentensi moja, sahihi ya Nyaya. "Kwa muda" limefutwa. Sasa inasomeka "mpaka siku utakayostaafu". Hakuna utata hata kidogo! Kumbe yule binti anafundishika.

Kesho naanza na kibao cha mlangoni. Kimeandikwa "stoo", na hili ni ghala.