Nishani ya Shingoni

Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Kumbukumbu na Upatanisho, Tawi la Durban, ina furaha kuutangazia umma kwamba upatanisho ulifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa hapa Isipingo, na kwamba haukuchukua muda mrefu. Mimi, Arnaud, Katibu Mkuu wa Kamati, na siku za kazi muuza chaja za simu, nimepewa jukumu la kueleza mafanikio hayo. Wanaosema shughuli iliharibika walikaa nyuma na hawakuona vizuri.

Shughuli iliwahusu wazee wetu wa Burundi na Kongo ambao, enzi za Wabelgiji, walichukuliwa kwa wazazi wao wakiwa wadogo, wakapelekwa shule za bweni za misheni wafundishwe ustaarabu. Wengine hawakurudi. Waliorudi wamezeeka, vita vimewatupa Durban, na miaka yote hiyo hakuna aliyewaandalia hata soda. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Salvator Ndikumana, mwenye duka la simu, aliliona pengo hilo mwaka huu wa 2013, hasa aliposikia kwamba afisa mmoja wa jiji angekubali kuwa mgeni rasmi.

Tulifanya utafiti wa kina. Tulimtembelea Mama Sesilia, mkubwa wao kwa umri, ambaye hushona mapazia nyumbani kwa bintiye, tukamuuliza shuleni walikuwa wakipewa nini. Akasema kila siku mtoto mmoja alivishwa ubao shingoni mbele ya wote. Kamati ikatazamana. Nishani! Tumehudhuria hafla nyingi, tunajua maana ya kitu kinachovishwa shingoni mbele ya watu. Hatukuuliza zaidi kwa sababu chai ilikuwa imefika. Papy, seremala, akatengeneza ubao wa namna hiyo kwa mbao za makasha ya bandarini, akaupaka rangi ya dhahabu.

Mama Sesilia alikuwa na ombi moja.

"Mimi minataka kusema maneno kidogo juu ya Pontien, mudogo wangu. Kwa Kirundi."

"Mama, programu yote iko kwa Kifaransa," Mwenyekiti alimweleza kwa upole. "Iko mgeni."

"Huyo mugeni anajua Kifaransa?"

"Hapana. Lakini ni protokoli."

"Pontien naye hakukijua. Ndiyo ilimuua. Sasa nikimuita kwa Kifaransa, ataitika?"

Kamati ililipokea hilo kama maoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alimvisha Mama Sesilia nishani, na wajumbe wa Kamati tukapiga makofi. Wazee hawakupiga. Mzee Urbain wa Bukavu aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, nami nikaandika kwamba amezidiwa na shukrani. Baadaye niliarifiwa kwamba alikuwa anacheka.

"Prezida," Mama Sesilia aliuliza, "na sheria ya huu ubao munaijua?"

"Kamati inaheshimu sheria zote za asili, Mama." Mwenyekiti alikuwa akitafuta kwenye simu mgeni amefika wapi.

"Basi sawa. Mwenye kusikika anasema luga ya kwao, anavaa ubao. Anakaa nao mpaka amukamate mwingine. Jua likizama, mwenye kuwa nao anaosha masufuria yote, halafu analala bila kula."

"Imepitishwa," alisema Mwenyekiti, macho yakiwa bado kwenye simu.

Mgeni rasmi akawasili. Alishika kipaza sauti na, akiwa nyumbani kwao, akasalimia kwa Kizulu: "Sanibonani, bazali." Ukumbi ukashangilia. Mama Sesilia akainuka na fimbo yake, akatembea taratibu hadi mbele, akauvua ubao na kumvisha. Mgeni aliinamisha shingo vizuri kabisa, kwa kuwa ana uzoefu, akatafuta mpiga picha yuko wapi.

"Mana yanje!" Mwenyekiti alimwita Mungu wake kwa yowe, sheria aliyoipitisha ikimrudia kichwani, na kwa Kirundi cha kijijini kwao, ambacho hatukuwahi kumsikia nacho, akamsihi Mama amwondolee mheshimiwa kitu hicho.

Mama Sesilia alitii mara moja. Alimvua mgeni, akamvisha Mwenyekiti.

Mgeni aliniuliza kinachoendelea. Nilimweleza ni desturi yetu ya kupokezana heshima. Mzee Urbain, ambaye hakuwa na mamlaka ya kuzungumza na wageni, akamweleza ukweli. "Eish," alisema mgeni, akakaa. Baada ya muda akauliza jua la Isipingo huzama saa ngapi.

Mama Sesilia hakurudi kitini. Alichukua kipaza sauti na kusema kwa Kirundi. Alisema Pontien alifika bwenini bila Kifaransa hata cha kuombea maji, kwa hiyo kila jioni ubao ulimkuta yeye. Aliosha masufuria yaliyomzidi kimo, akalala na njaa. Jioni moja alisema, "Ndashaka gutaha," nataka kurudi nyumbani, akatoka peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha na mto ulikuwa umejaa.

"Hajatajwa mbele ya watu tangu siku ile," alisema Mama. "Leo ametajwa."

Niliumia, nakiri, ingawa Katibu hatakiwi.

Lakini Mwenyekiti ni mtu wa taratibu. Alisimama, akauvua ubao, akamwendea. Mama Sesilia akainamisha shingo.

"Weka tu, baba. Hii shingo inaujua."

Kabla kamba haijamgusa, Mzee Urbain alianza kusema Kimashi, lugha ya kwao Bukavu, kwa sauti kubwa. Mwenyekiti akamgeukia. Nyuma yake bibi mmoja akaanza Kirundi, mwingine Kitetela, mwingine Kilingala, na mgeni rasmi akaongezea Kizulu. Kila aliyesogelewa aliinamisha shingo. Mwenyekiti alizunguka ukumbi mzima na ubao wake mmoja, hajui aanze na nani, mpaka jua likazama, ubao ungali mkononi mwake.

Akapelekwa nyuma ya ukumbi kwenye masufuria. Mimi nilisimama karibu kumpa uongozi wa kimaadili, nikiongea Kifaransa tu kwa usalama. Mama Sesilia alikuja na sahani ya ndizi na maharage.

"Kula, mwanangu."

"Sheria inasema nilale bila kula," alisema Mwenyekiti, mikono imejaa povu.

"Ile sheria ni yao. Kwetu hatulazi mutoto na njaa."

Akala akiwa amesimama. Mama akamvua ubao, akausukuma motoni chini ya sufuria ya chai. Rangi ya dhahabu ilinuka vibaya sana.

Mwenyekiti ameniagiza niandike kwamba aliosha masufuria kwa hiari yake. Aliniagiza kwa Kirundi.