Nyumba Yenye Dirisha la Juu Inauzwa

Jumatatu, 3 Machi

Imeamuliwa. Tunauza nyumba. Nimeamua mimi, baada ya mke wangu kuamua mwaka jana. Goti lake la kulia limegoma kupanda ngazi. Pacha wetu wameshaolewa, wamekwenda zao, na vyumba vimebaki kulala vyenyewe. Anataka nyumba ndogo ya chini, ukifungua mlango uko nje, karibu na dada yake. Sawa. Mimi si mtu wa kubishana na goti.

Dalali alikuja asubuhi. Mwanamke mwembamba mwenye simu mbili, zote zinaita. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kidole, kama daktari anayepima kifua. Akasema nyumba nzuri, ila soko limegeuka. Mwaka jana watu walikuwa wanagombania nyumba kama hizi. Mwaka huu riba za benki zimepanda, vijana wanataka vijumba vidogo, bei zinashuka kila wiki. Akataja bei. Nikacheka. Akaitaja tena. Nikaacha kucheka.

Nikamweleza kwa upole kwamba anaongea na mtu aliyesoma utabiri wa hali ya hewa redioni mpaka akastaafu. Bei ni kama mawingu, dada. Naona kabisa zitapanda kabla mwezi haujaisha. Mke wangu akamwambia dalali asinitilie maanani, maana siku ya harusi ya pacha nilitabiri jua. (Ilinyesha mpaka hema likaanguka. Lakini lile hema lilikuwa bovu.)

Mchana nilikaa juu, kwenye kiti changu cha dirishani. Pazia lilikuwa linapumua taratibu. Nikaiona nyumba tutakayonunua kwa faida: iko kilimani, ina varanda ndefu, viti viwili vya kamba, mke wangu anamenya chungwa bila ganda kukatika, na mawingu yanapita chini yetu badala ya juu. Sikulala. Nilifumba macho tu.

Nilipoyafumbua, jirani yetu alikuwa anapigilia bango kwenye ukuta wake: NYUMBA INAUZWA. Huyu namwita Meno, kwa sababu alikuwa daktari wa meno, na kwa sababu akicheka huonyesha bidhaa zote. Nyumba yake ni kama yetu, imepinduliwa tu kulia kushoto. Bango lake ni kubwa kuliko letu. Uchokozi mtupu!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Nyumba lazima ionekane kubwa. Kuna kinyozi amefunga duka lake. Nimeazima vioo vyake vyote. Nimevipanga sebuleni, kila ukuta. Matokeo ya kushangaza! Sebule imekuwa uwanja. Nilikaa katikati yake nikajiona niko wengi, wote tumetulia, wote tuna heshima zetu. Nusu saa nzima nilikuwa na furaha.

Mteja alifika saa nne. Muuza magodoro, mtu mnene, mstaarabu. Akaingia, akaona bwana mnene anamjia, akamsalimia. Yule bwana hakuitikia. Akampisha njia, yule bwana naye akampisha. Wakakutana paji kwa paji.

Aliondoka ameshika barafu kwenye kitambaa cha vyombo. Dalali alinitazama mpaka simu zote mbili zikanyamaza. Meno alikuwa ameegemea ukuta wake. Akaniuliza kama nahitaji plasta.

Mke wangu akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia chetu ni chema, ila kina haya.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili, na huu ni wa kitaalamu. Watu hutaka kinachotakiwa na wengine. Basi nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu. Ni fundi cherehani, na ana suti ya mteja ambayo haijachukuliwa. Kazi yake ilikuwa nyepesi: apite mtaani kama tajiri, asimame mbele ya nyumba yetu, aseme kwa sauti kwamba hajawahi kuona nyumba kama hii. Habari zitaenea zenyewe.

Alikuja amependeza sana. Hata mimi nilitaka kumuuzia. Akasimama, akafungua mdomo, na kabla hajamaliza neno la kwanza Meno akatoka mbio na viatu vya ndani, akamshika mkono, akamwingiza kwake!

Alikaa huko mchana kutwa. Kutoka dirishani nilikuwa namwona akipita chumba hadi chumba, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuna wakati nilisahau kabisa kuwa ni shemeji. Nilimwonea wivu Meno.

Alitoka jioni ameshiba. Akanieleza kwamba jiko la Meno lina mwanga mzuri ajabu, na kwamba amemwahidi atafikiria. Atafikiria nini? Hana hata cherehani ya pili! Akasema ndugu yangu, uigizaji una wenyewe, ukiingia umeingia.

Meno amepandisha bei. Ameongeza na maneno kwenye bango: WANUNUZI MAKINI TU. Dalali, ambaye anaziuza nyumba zote mbili, amesema mtaa mzima bei zinashuka isipokuwa pale, na yeye haelewi.

Mke wangu hakuuliza shemeji alikuwa wapi na ile suti. Alimwangalia tu, akamwekea chai.

Jumanne, 11 Machi

Leo wamekuja watu wa kweli. Mume ni fundi wa friji, ameshika kofia mkononi muda wote. Mke wake ni mjamzito, tumbo limemtangulia, na miguu imemvimba. Dalali akamwambia abaki chini. Akakataa, akasema lazima aione juu.

Akapanda. Akaingia chumba changu, akaomba akae kidogo kwenye kile kiti cha dirishani. Mumewe alikuwa anauliza habari za mabomba. Nilipogeuka, yule binti alikuwa amelala.

Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo, mkono juu ya tumbo. Pazia linapanda, linashuka, na jua la alasiri limemfunika magoti kama shuka. Sote tulianza kunong'ona. Dalali akazima simu zake, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mke wangu, aliyepanda pole pole kutufuata, akasimama mlangoni, akaweka kidole mdomoni. Tukashuka kwa ncha za vidole, tukakaa sebuleni bila kuongea, watu wazima wanne, tunailinda nyumba isipige kelele. Nilisikia nyumba ikipumua. Labda nilikuwa mimi.

Alishuka ameona aibu. Akasema, "Samahanini jamani. Tangu mimba iwe kubwa sijapata usingizi kama ule." Kisha akamwambia mumewe, "Ni hii."

Mume akataja bei. Ilikuwa juu kidogo ya ile ya dalali. Juu! Mke wangu akanitazama. Dalali akanitazama. Ilikuwa nafasi ya kusema ndiyo na kupeana mikono. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni shemeji. Nikasema kuna tajiri mmoja, siwezi kumtaja, anafikiria kutoa nusu zaidi ya hapo.

Fundi akaikunja kofia yake. Mkewe akatazama ngazi, akasema, "Basi. Mungu atatupa kwingine." Wakaondoka.

Mke wangu ameosha vikombe vyote, hata vile safi.

Jumatano, 12 Machi

Chai nimepata, lakini imewekwa mbali.

Asubuhi niliwaona kutoka dirishani: fundi na mkewe wanaingia kwa Meno. Meno amefungua mlango kwa meno yote. Nikajaribu kuiota ile nyumba ya kilimani, haikuja. Ilikuja varanda tu, haina nyumba nyuma yake.

Mke wangu amehamishia godoro sebuleni. Nilimuuliza ni kwa hasira au kwa goti. Akasema kwa vyote. Nikamweleza habari za soko, kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilipomaliza akasema, "Baba Pacha, wewe unafanya biashara. Mimi naomba kushuka tu."

Nikapanda juu kutafuta jibu. Halikuwepo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda ofisini kwa dalali kwa siri, kusema kwamba tajiri amesafiri na mimi nakubali bei ya fundi. Ofisi imefungwa. Nikarudi nyumbani. Mke wangu hayupo! Goti lile, na hayupo! Nilizunguka vyumba vyote nikimwita, nikachungulia hata kwenye kabati.

Alirudi mchana kwa teksi, na dalali. Walikuwa wamekwenda kwa fundi. Kumbe kwa Meno hawakununua. Bei ya Meno haishikiki, na amewaambia kuna tajiri wa suti ameshaahidi. Mke wangu ndipo akawaeleza kwamba tajiri wa kwa Meno na tajiri wa kwetu ni mtu mmoja, ni mdogo wake wa tumbo moja, na suti si yake. Yule binti alicheka mpaka akashika ukuta, mumewe akadhani uchungu umeanza.

Wananunua. Ila benki imepandisha riba tena juzi, mkopo wao umepungua, na bei imepungua nao. Nikaruka. Ni chini ya ile ya Jumanne! Mke wangu akavua viatu, akanyoosha goti.

"Mtaka yote hukosa yote," akasema. "Wewe umekosa kidogo tu. Shukuru."

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kusaini. Wote mezani: fundi, mkewe, wakili mwenye mafua, dalali. Mke wangu akasaini. Zamu yangu ikafika, nikasema kalamu haina wino. Wakanipa nyingine. Nikasema nimesahau kufunga dirisha, nikapanda juu.

Nilikaa kwenye kiti. Nje mawingu madogo yalikuwa yanakwenda bila haraka, kama watu waliotoka kazini mapema. Hapa niliwahi kulala na pacha wote wawili kifuani. Nikaona kwamba ile varanda ya kilimani ilikuwa ni chumba hiki hiki, nimekiongezea kilima.

Ndipo nikamsikia anapanda. Ngazi moja. Kimya. Ngazi nyingine. Kimya kirefu. Miaka yote hii mimi nimekuwa huku juu, nasikia chai imefika. Sikuwahi kusikia inavyokuja.

Akafika, akakaa kwenye mkono wa kiti, anahema. Tukatazama nje.

"Hapa mvua unaiona kabla haijafika," akasema.

Nikamwambia ndiyo, utabiri wote niliousoma redioni niliuanzia hapa.

"Na bado ulikuwa unakosea."

Tulicheka mpaka wakili akapiga chafya chini. Tukashuka pamoja, mkono wake begani kwangu, kila ngazi na kimya chake. Nikasaini. Kalamu ilikuwa na wino mwingi tu.

Jumapili, 30 Machi

Nyumba mpya. Ndogo, ya chini. Mke wangu anatoka na kuingia bila sababu, kwa raha tu. Anakwenda kwa dada yake, anarudi, anakwenda tena. Anaimba. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba.

Mchana nilimweleza, kwa utulivu, kwamba ukitazama vizuri, mpango wangu wa shemeji ndio uliotuokoa. Bila suti, Meno asingepandisha bei, na fundi angenunua kwake. Ni mimi niliyeuza ile nyumba! Akaweka mto usoni. Nadhani alikuwa anatafakari.

Baada ya hapo nilitoka kidogo, nikakutana na jirani mpya, dereva mstaafu. Anauza gereji yake, kibanda cha kulaza gari, hapo nyuma ya nyumba yake. Akaniambia kwa huzuni kwamba siku hizi gereji hazina soko, hakuna anayezitaka, bei imelala kabisa. Alipoufungua mlango, mwanga uliingia wote kwa pamoja, vumbi likaanza kuelea kama dhahabu. Nikasimama nikilitazama. Gereji za mtaa mzima zilipita mbele ya macho yangu, zote zangu, zote zinapanda.

Hatuna gari. Ndiyo uzuri wenyewe: itabaki tupu, na mnunuzi hupenda nafasi.

Nimeshampa mkono. Mama Pacha anajua nimekwenda kununua maziwa. Maziwa nimesahau.