Vidole Viwili Mbele ya Tajiri

Mwaka huu wa ugali wa njano wa mahindi ya msaada, ugali ambao hata mbwa wa hapa Homa Bay anaunusa mara mbili kabla ya kuula, leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, sokoni Rangwe, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wanajua kama nipo duniani. Sasa wanajua.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa Magu kwa sababu hapa sina wa kumsimulia. (Msiucheke mwandiko. Darasa la watu wazima lilinifundisha kuandika, halikunifundisha kuandika vizuri.)

Mnajua kilichonileta. Mwanangu Masanja, fundi mwashi, alioa huku, na mkewe Akinyi akajifungua mapacha. Mimi, bibi wa mapacha! Nikafunga mzigo, nikavuka mpaka wa Sirari, na njia nzima nikawa nawatangazia watu ambao hawajaniuliza. Migori mama mmoja wa hotelini aliniambia, "Hongera, mama, lakini hiyo chai yako inapoa."

Watoto ni wazuri, wanene, wanafanana na mimi. (Akinyi anasema wanafanana na baba yake. Nimemwacha na macho yake.) Huku wanaitwa Opiyo na Odongo. Mimi nawaita Kulwa na Doto. Hawaitiki huku wala kule, bado wananyonya.

Ila kwangu mimi hapa ni kimya. Masanja anatoka na mwiko wake na pimamaji alfajiri, anarudi amechoka, anakula, analala. Akinyi ni mtu mwema, lakini Kiswahili chake ni cha sokoni: chumvi, maji, kuni, basi. Majirani wanakuja kuwaona mapacha, wanaongea Kijaluo, wanacheka, na mimi nacheka baada yao, wao wakiwa wameshanyamaza. Kuna siku nimeongea na kuku tu, tangu asubuhi hadi wanaingia bandani.

Ndipo kampeni zikaja. Gari la kipaza sauti linapita, watu wanatoka, hawa wanainua kidole kimoja, wale wanainua viwili, halafu wanatazamana vibaya. Kwetu tumezoea chama kimoja, mtu hata akisinzia anajua pa kuitikia. Hapa sikuelewa kitu. Nikamuuliza Akinyi.

"Ni siasa, Mama."

"Na vidole ni vya nini?"

"Hiyo moja ni ya hawa. Hiyo mbili ni ya wale."

Haya, asante.

Nikakaa nikafikiri mwenyewe. Kliniki tunakowapeleka watoto kupimwa uzito kuna picha ukutani: baba, mama, na watoto wawili wamevaa viatu. Nesi alituinulia vidole viwili, akasema mzazi akifikisha hawa apumzike. Basi, jibu nikawa nimelipata. Wanagombania uzazi. Wenye vidole viwili wanataka watu wazae wawili, na wenye kidole kimoja, wachoyo wale, wanataka watu wazae mmoja tu. Nilikasirika hadi nikashindwa kumaliza ugali wangu. Nilijiona mwerevu kuliko nyumba nzima. (Kuku walikubaliana nami.)

Leo Masanja akasema twende wote Rangwe. Tajiri wake, yule anayemjengea vyumba vya kupangisha, anagombea udiwani, na amewataka mafundi waje na watu wao.

"Mama, wewe kaa tu," akaniambia. "Wakipiga makofi, piga. Mkate wetu uko kwa huyu bwana."

Nikavaa kitenge kile cha harusi yake. Si kwa ajili ya siasa. Nilitaka tu kukaa katikati ya watu.

Tukawekwa mbele kabisa. Akinyi kambeba Kulwa, mimi nimembeba Doto mgongoni. Tajiri akapanda jukwaani, akahutubu Kijaluo, akainua kidole kimoja, na uwanja mzima ukainua kidole kimoja. Mimi nikakunja mikono yangu kifuani. Wachoyo.

Tajiri akaniona. Akatabasamu, akageukia Kiswahili.

"Na huyu ni mama ya fundi wangu. Ametoka Tanzania, na hata yeye anajua. Mama, simama uonyeshe watu. Ni ngapi?"

Wenzangu, nieleweni. Tangu nifike nchi hii, huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali na kungoja jibu. Nikasimama. Nikamgeuza Doto watu wamwone vizuri. Nikainua vidole viwili juu, mkono umenyooka.

"Wawili!"

Kipaza sauti kikalia piii. Tajiri akacheka kwa meno tu.

"Mama, ni kimoja. Teremsha kimoja."

"Niteremshe yupi?"

"Kidole, mama."

"Hiki ni Kulwa, hiki ni Doto. Wajukuu wangu ni wawili. Kidole sishushi."

"Hii mama imetumwa na wale," mtu akasema nyuma yangu.

"Ni mama ya fundi, ule Mtanzania."

Nikamtafuta Masanja kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anavaa viatu.

Kumbe wenye vidole viwili walikuwa wamejaa huko kwenye vibanda vya nyanya, wanasikiliza. Wakaja wakinishangilia. Wanawake wakanishika mikono, wakanizungusha soko zima, "Dana! Dana!", yaani bibi. Sijaitwa na watu wengi hivyo tangu nizaliwe. (Nitasema ukweli: niliwapungia mkono.)

Njiani kurudi, Masanja akanieleza. Ni vyama. Kidole ni alama ya chama. Hakuna mtu aliyetaja watoto. Nilimtazama Doto, naye akanicheulia maziwa begani.

Jioni akaja Okech, nyapara wao. Akakaa, akakataa chai, nikajua ni mabaya. Tajiri amesema kesho kuna mkutano Oyugis. Mama aje, akae mbele, ainue kidole kimoja, watu wacheke, yaishe. Asipokuja, Masanja asipeleke mwiko wake kazini Jumatatu.

"Mama," Masanja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "ni kidole tu."

Nami sasa najua ni kidole tu. Nikainua mkono nikautazama. Nikajaribu kukunja kimoja. Lakini ninyi mnajua kwetu: huwezi kumbeba Kulwa ukamwacha Doto. Ukimpa huyu, umpe na yule. Ukimsifu huyu, umsifu na yule, la sivyo aliyeachwa anaugua.

"Okech, baba," nikamuuliza, "nilishawaonyesha watu wote wale kwamba hawa ndio watoto. Kesho nikunje yupi?"

Okech akamtazama Akinyi, amtoe hapo. Akinyi alikuwa ananyonyesha wote wawili, huku na huku.

"Hata kwetu," Akinyi akasema kwa Kiswahili chake, polepole, nami nisikie, "mapacha huwezi acha mmoja."

Okech akavua kofia, akakuna kichwa.

"Sasa mimi nitaambia tajiri nini?"

Nikamwambia apeleke yale yale niliyosema sokoni. Na asije akayasahau njiani, nikamtamkia tena, taratibu, vidole viwili juu:

"Wajukuu wangu ni wawili. Kidole sishushi."