Shati la Pande Mbili

Jumatano, 3 Juni
Benchi la dukani kwangu tupu tena. Zamani shemeji na kinyozi jirani yetu walicheza drafti hapo kila jioni, marehemu mke wangu akiwamiminia chai. Wakizozania siasa, alificha kete moja mpaka wasalimiane upya. Sasa shemeji kaingia chama cha Ngazi, kinyozi chama cha Kengele, na salamu zimekwisha. Jumapili mama watoto anatimiza mwaka tangu atutoke. Nawataka hapo benchini siku hiyo. Basi.

Nimewaalika. Shemeji kauliza kwanza mimi wa chama gani. Nikasema napigia kura mtu, sipigii alama. Akasema mimi popo, si ndege si mnyama. Kinyozi naye kasema vilevile! Kumbe bado wanakubaliana.

Ijumaa, 5 Juni
Nimepata! Fundi cherehani nitashindwaje? Vyama vyote vinagawa vitambaa vyenye alama zao. Nashona shati: kulia Ngazi, kushoto Kengele. Shemeji anakaa kulia mwa barabara, kinyozi kushoto. Kila mmoja ataona upande wake. Akili ni mali!

Nimekatia mkasi wa marehemu, ule aliouzungushia uzi mwekundu ili nisikatie karatasi. Alinijua.

Jumamosi, 6 Juni
Nimetoka kifua mbele. Shemeji, kibarazani, kapiga makofi: hatimaye nimepona! Kinyozi kanipungia na wembe mkononi, mteja akainama. Nusura nilie kwa furaha. Nikafika duka la vyakula mwisho wa barabara, nikanunua sukari ya chai ya kesho. Nikageuka.

Ole wangu! Sikufikiria kurudi.

Kinyozi kaiona Ngazi. Kapaza sauti kwamba kinyonga angalau hubadilika polepole. Shemeji kaiona Kengele. Kasema dada yake aliolewa na bendera. Nimekimbia. Sukari imemwagika njia nzima.

Jumapili, 7 Juni
Wamenikuta nimelivaa shati tena, nafanya mazoezi ya kutembea kinyumenyume mbele ya kioo. Wote wawili mlangoni, wamefura! Kila mmoja kaja kunivua upande wa mwenzake. Wakavuta. Mshono wa mgongo ukaachia. Shemeji kabaki na Kengele mkononi, kinyozi na Ngazi, mimi na fulana.

Shemeji akasema dada yake angekuwepo angenishona mdomo. Kinyozi akasema la, angeuficha mkasi mapema. Wakacheka mpaka wakakaa. Benchini!

Nikamimina chai, haina sukari. Nikaleta drafti. Kete moja haipo. Nimeikuta kwenye kopo la vifungo la marehemu, alikoificha mara ya mwisho. Nikaishika tu. Kisha kinyozi akamsalimu shemeji, shemeji akaitikia, ndipo nikaiweka ubaoni.

Kumbe shati limefaulu! Na vitambaa vimebaki. Kesho nakata suruali: mbele Ngazi, nyuma Kengele. Sioni kosa lolote.